Kwa mnaoanza falsafa ya maadili na haki: iulizeni kila nadharia inakataa kutazama nini

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza hapa Mwanza, iwe mmekuja kusoma sheria, ualimu, uandishi wa habari au falsafa yenyewe, muhula hautaisha kabla hamjakutana na swali la kulinganisha nadharia mbili au tatu za haki. Nimekaa miaka mingi na vikundi vya majadiliano vya somo hili, na majibu mengi ninayoyasoma yana sura moja: aya ya Bentham, aya ya Kant, aya ya Rawls, kisha sentensi ya mwisho inayosema kila nadharia ina uzuri na udhaifu wake. Mwanafunzi amekesha, amekariri, tarehe zote za vitabu amezipatia. Lakini hakuna kilicholinganishwa. Kila mwanafalsafa amesema lake na kuondoka kabla mwenzake hajaingia.

Ninachowashauri ni hiki. Chukueni tukio moja dogo mnalolijua vizuri, muwaweke wote mbele yake, kisha mmuulize kila mmoja: ni jambo gani hapa ambalo wewe unakataa kulitazama? Swali hili lina mizizi kwa mwanauchumi na mwanafalsafa Amartya Sen, aliyeonyesha kwamba kila nadharia ya haki inatambulika kwa taarifa inazozihesabu na zile inazoziacha nje. Likishajibiwa, ulinganisho unakuja wenyewe.

Tuchukue mgawo wa dagaa. Ni alfajiri ya siku za giza, mtumbwi umeingia mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, taa zimezimwa, ndoo zinapimwa mchangani na wachuuzi wanalipa palepale. Tuseme mauzo ya usiku huo ni shilingi 400,000. Gharama za mafuta ya mashine na chakula cha kambi zinatolewa kwanza, 100,000. Zinabaki 300,000. Kwa makubaliano yao tajiri, maana ndivyo wavuvi wanavyomwita mwenye mtumbwi, anachukua nusu, na vijana wanagawana nusu nyingine. Vijana wa kambi hiyo ni watano, ila usiku huo wameingia ziwani wanne. Wa tano yuko kambini anatetemeka kwa malaria. Wakigawana wanne, kila mmoja anapata 37,500. Wakimhesabu mgonjwa, kila mmoja anapata 30,000. Tajiri mwenyewe yuko mjini na ana mitumbwi mingine miwili. Fungu la haki ni lipi?

Aristotle mtamkuta kwenye kitabu cha 5 cha maadili yake ya Nikomako, na msimrukie kwa kudhani ni wa zamani sana. Anatenganisha haki ya kugawa na haki ya kusahihisha. Katika kugawa, kila mtu apate kwa uwiano wa kinachomstahilisha, na yeye mwenyewe anakiri kwamba ugomvi unaanzia hapo hapo: wapenda demokrasia wanasema kinachostahilisha ni uhuru, wengine mali au uzawa, wengine wema. Pale mwaloni ugomvi huo upo wazi. Tajiri anasema mtumbwi, vijana wanasema jasho. Haki ya kusahihisha ni jambo jingine kabisa. Mshika fedha akimpunja mwenzake 5,000, zirudi 5,000, na haijalishi aliyepunjwa ni mtu mwema au mlevi. Wanaoanza huchanganya hizi mbili, halafu wanashindwa kueleza kwa nini mtu mmoja anaweza kudai usawa kamili mahakamani na bado akakubali mishahara tofauti.

Sasa nadharia ya manufaa. Bentham alichapisha kitabu chake kikuu 1789, Mill akatoa insha yake, Utilitarianism, 1861. Wanachotazama ni matokeo: nani atafurahi, nani ataumia, kwa kiasi gani, wote wakihesabiwa sawa. Wengi huandika kwamba nadharia hii inawapendelea walio wengi au wenye nacho. Someni kwa makini zaidi. Shilingi 30,000 kwa kijana mgonjwa asiye na dawa zina uzito kuliko kwa mwenye mitumbwi mitatu, na Bentham alilijua hilo, kwamba fedha ile ile huongeza furaha kidogo zaidi kadiri mtu anavyokuwa nazo nyingi. Kwa hiyo hesabu ya manufaa inaweza kumtetea mgonjwa kwa nguvu. Inaweza pia kumtetea tajiri, kama kumpunguzia kutamfanya ashindwe kutengeneza mashine na wote watano wakose kazi mwezi ujao. Inachokataa kukitazama chenyewe ni jana: nani aliahidi nini, nani alivuta nyavu. Hayo yanaingia kwenye hesabu pale tu yanapobadilisha kesho. Mill aliuona mzigo huo, na sura ya 5 ya insha yake yote inahusu haki. Ajabu ni kwamba ndiyo sura ambayo wanafunzi wengi hawaifikii, na mimi naiona kuwa sura bora ya insha nzima.

Kant ni kinyume chake, na hapa nitapita haraka kwa sababu wahadhiri watawapa Kant wa kutosha. Katika Groundwork, kitabu chake cha maadili cha 1785, anatoa mfano wa mtu anayekopa fedha akiahidi kurudisha huku akijua hatarudisha. Uweke mfano huo mwaloni: tajiri anamchukua kijana kutoka kijijini akimwahidi nusu, na moyoni ameshapanga kumpa robo. Kwa Kant ubaya umekamilika pale pale kwenye ahadi, hata kama mwisho wa msimu kijana atarudi kwao akiwa na fedha kuliko alivyokuja. Angalizo moja tu: msiandike kwamba Kant alikataza kumtumia mtu. Kila mnunuzi pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba anamtumia mchuuzi, na mchuuzi anamtumia yeye. Alichokataza ni kumtumia mtu kana kwamba hana makusudi yake mwenyewe, na kumdanganya ni kumnyima nafasi ya kukubali au kukataa.

Nozick na Rawls ndio wanaostahili muda wenu mwingi. Vitabu vyao viliachana miaka mitatu, 1971 cha Rawls na 1974 cha Nozick, na cha pili kinakijibu cha kwanza ana kwa ana.

Nozick hatazami nani ana kiasi gani leo. Anauliza kilipatikanaje: kilichukuliwa kwa haki mara ya kwanza, kikahama kwa hiari, na kama kulikuwa na dhuluma njiani, ilirekebishwa? Mfano wake maarufu ni mchezaji wa mpira wa kikapu Wilt Chamberlain, ambaye watazamaji wanamlipa senti 25 kila mmoja kwa hiari yao. Mwisho wa msimu yeye ni tajiri, na Nozick anauliza ni nani mwenye haki ya kulalamika. Kwa mgawo wetu jibu lake ni fupi. Walikubaliana nusu kwa nusu, basi nusu kwa nusu. Mgonjwa atapewa kama wenzake wana huruma au kama lilikuwemo kwenye makubaliano. Njaa yake haina kura katika swali la haki.

Watu huishia hapo na kumwona Nozick ni mtetezi wa matajiri. Msiishie hapo. Samaki kabla hajavuliwa si wa mtu. Nozick anakubali sharti alilolirithi kwa John Locke, kwamba anayejitwalia kitu cha wote awe amewaachia wengine cha kutosha na chenye ubora. Yeye analisoma kwamba kujitwalia kwako kusiwaache wengine katika hali mbaya kuliko awali. Chukua sharti hilo ulisimamishe ufukweni. Mwenye kokoro, wavu wa kukokotwa, anayekomba samaki wachanga na kuwaachia wa kesho maji matupu hajatimiza sharti, na mali aliyoijenga kwa kokoro hiyo ina dosari tangu mwanzo, kwa nadharia ya Nozick mwenyewe. Kanuni ya tatu, ile ya kurekebisha dhuluma, ndiyo aliyoiacha nyembamba kuliko zote. Hapo ndipo mahali pa kumbana, na mwanafunzi anayembana hapo ameonyesha kwamba amemsoma.

Rawls anakataa kutazama vitu vingi zaidi, na anavikataa kwa makusudi. Anatutaka tuchague kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, hatujui kama tumezaliwa na tajiri wa mitumbwi au na mjane wa kisiwani, hatujui afya zetu wala vipaji vyetu. Anasema tungechagua kwanza uhuru wa msingi ulio sawa kwa wote; kisha nafasi za kazi na vyeo ziwe wazi kwa usawa wa kweli, na tofauti za kipato ziruhusiwe pale zinapomfaidisha aliye chini kabisa, ndiyo kanuni ya tofauti. Kwa nadharia ya manufaa ana lawama moja kali: kwamba haichukulii kwa uzito kuwa watu ni watu mbalimbali, inajumlisha raha na maumivu yao kana kwamba wote ni mtu mmoja.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kulileta pazia hilo kwenye kila ugomvi mdogo. Rawls hakuandika juu ya mgawo wa mtumbwi mmoja. Anazungumzia muundo wa msingi wa jamii: sheria za umiliki, kodi, elimu, katiba. Ukimleta mwaloni hatakuambia mgonjwa apate 30,000. Atauliza kwa nini kijana aliyezaliwa kambini hana njia ya kuwa na mtumbwi wake, leseni zinapatikanaje, shule ya kisiwani kwake ikoje, na kwa nini mtu akiugua siku tatu familia yake inalala njaa. Kwa hiyo ukimlinganisha na Nozick kwenye zile 150,000 pekee unawaonea wote wawili. Walinganishe kwenye swali hili: je, makubaliano ya hiari yanatosha, ikiwa mmoja alifika kwenye makubaliano akiwa na mashine na mwingine akiwa na njaa?

Mwalimu Nyerere msimwache kwa aya ya mwisho kama pambo la uzalendo. Insha yake ya 1962 juu ya ujamaa ni hoja ya falsafa, na inajibu kesi yetu moja kwa moja. Alikumbusha kwamba katika jamii za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na akanukuu methali mnayoijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mtazamo huo mgonjwa anapata fungu lake kwa sababu ni mmoja wao, na mzima anayelala kambini huku wenzake wako ziwani hapati, kwa sababu ile ile. Mlinganishe pia kuhusu ardhi na Locke, ambaye Nozick anajenga juu yake. Nyerere alisema ardhi kwetu ilikuwa ya jamii na mtu alikuwa na haki ya kuitumia. Ukilisogeza wazo hilo hadi ziwani, unaona kwamba yeye hakubaliani na Nozick tangu hatua ya kwanza kabisa, kabla ya mtu kuuza wala kununua. Azimio la Arusha la 1967 linaanza imani zake na usawa wa binadamu wote, na hapo Nyerere yuko karibu na Kant kuliko alivyo karibu na Bentham. Swali gumu la kumuuliza Nyerere ni hili: yule asiyetaka kuwa mmoja wetu ana haki gani?

Mkishazoea kesi ndogo, jaribuni kubwa: sangara. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, viwanda vya minofu vikajengwa hapa Mwanza, minofu ikaenda Ulaya na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, zikatoweka. Hesabu ya manufaa itabidi iseme inahesabu miaka mingapi na inawahesabu akina nani. Rawls ana kanuni ya akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ila furu wenyewe hawana mtetezi rahisi kati ya hawa niliowataja, na mimi naamini hilo ni pengo la kweli katika nadharia zao, linalohitaji vijana wa kando ya ziwa kulifanyia kazi.

Kuhusu kusoma kwenyewe: jadilini kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Mtu anayeweza kumweleza mwenzake kanuni ya tofauti ya Rawls kwa mfano wa mgawo, bila kushika daftari, ameielewa. Mwenye kurudia maneno ya mhadhara bado. Katika kikundi pangianeni utetezi, na kila mmoja atetee nadharia asiyoipenda, kwa hoja ambazo mwenye nadharia angezitambua kuwa ni zake. Na katika insha chukueni upande. Mwalimu mzuri hatawapunguzia alama kwa kutokubaliana naye, ila sentensi ya kwamba wote wana ukweli wao haimpi cha kusahihisha.

Kwa wiki za mwanzo someni Aristotle kitabu cha 5, sura ya 5 ya Mill, sehemu ya pili ya Groundwork, sura ya Locke juu ya mali, insha ya Nyerere, Rawls vifungu vya 3, 4, 11 na 24, na Nozick sura ya 7. Ni kurasa chache kuliko zinavyosikika. Njooni kwenye kikundi na kesi zenu wenyewe, za bodaboda, za urithi, za mchango wa harusi, mkiwa mmeshaandika pembeni kila nadharia inakataa kutazama nini.