Ufunguo mgongoni, kitunguu puani

Mwanangu wa kati hutokwa damu puani kila kiangazi. Mwezi wa saba hapa Mwanza mvua imeshakata, vumbi linatimka, na yeye kidole hakimtoki puani. Pua inakauka, kimshipa kinapasuka, shati la shule ndiyo basi tena.

Mara ya kwanza tulikuwa kwa mama mkwe, Kirumba. Bibi yake akaja mbio na ufunguo wa kitasa, wa chuma, akautumbukiza mgongoni ndani ya shati. Jirani muuza dagaa akaleta kitunguu kilichokatwa, eti anuse. Mwingine akataka amwagiwe maji utosini. Mimi nikamlaza kichwa nyuma atazame dari, na hapo ndipo nilipoharibu kuliko wote. Damu ilishuka kooni, akaimeza, baada ya muda akatapika madonge meusi. Nilitetemeka mpaka magoti.

Damu ilipokata, sifa zote zikaenda kwa ufunguo. Lakini damu ya pua mara nyingi hukata yenyewe, basi dawa iliyokuja mwisho ndiyo inayosifiwa. Jirani angechelewa kidogo, leo tungekuwa watu wa kitunguu.

Siku hizi namkalisha, namwinamisha mbele kidogo, anapumua kwa mdomo. Nabana ile sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, tundu zote mbili. Dakika 10 bila kuachia. Kinachotushinda wengi ni kuchungulia: unabana dakika moja, unaachia uone, damu inarudi, unasema haifanyi kazi. Natega saa ya simu. Damu ikija mdomoni, anatema.

Ili atulie nampa barafu ya kunyonya, ya shilingi mia. Isiwe ya ubuyu! Nilimpa siku moja, nikashindwa kujua kipi damu kipi rangi.

Ikikata, asipenge kamasi siku hiyo. Usiku nampaka mafuta ya mgando kidogo kwenye mdomo wa tundu za pua, na kucha nazikata kila Jumapili, kwa vita.

Ikipita nusu saa huku umebana, au imeanza baada ya kugongwa kichwa, au ni mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, nendeni hospitali, na njiani endeleeni kubana. Bibi bado ana ufunguo wake. Simkatazi, mradi pua nimeishika mimi.