Gari Limelala Wiki Moja, Betri Imekufa: Pima Kabla Hujanunua Nyingine

Hapa Kigoma tuko wengi ambao magari yetu hulala kuliko yanavyotembea. Mwalimu anapanda boti Kibirizi kwenda Kagunga, mfanyabiashara anashika treni ya Dar es Salaam, nesi anakwenda likizo kwao Kasulu, na gari linabaki uani chini ya mwembe. Siku ya kurudi, ukizungusha ufunguo stata inagonga tak-tak-tak, kisha kimya. Kinachofuata nimekishuhudia mara nyingi mno: vijana wanaitwa wasukume, jirani anaombwa aje kubusti, na jioni mwenye gari yuko mtaa wa Mwanga anauliza bei ya betri mpya. Haipiti miezi mingi, yaleyale yanarudi.

Ninachowaambia ndugu na majirani ni hiki: usitoe hela ya betri kabla hujapima. Mara nyingi betri inasingiziwa tu.

Gari likizimwa halizimiki lote. Saa, alamu, kompyuta ya injini na kumbukumbu ya redio vinaendelea kula umeme kidogo kidogo. Kwa magari mengi, miliampea 50 (yaani ampea 0.05) kushuka chini ni kawaida. Betri ya 45Ah, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 45, ikinyonywa miliampea 50 itachukua takriban siku 37 kwisha kabisa, ingawa stata itaanza kulegea mapema zaidi ya hapo. Sasa chukua taa ya buti ya wati 5 iliyobaki inawaka kwa sababu swichi yake imeharibika. Hiyo peke yake inakula karibu ampea 0.4, na betri ileile inafika nusu kabla siku tatu hazijaisha. Taa hiyo huwezi kuiona maana buti limefungwa. Weka simu ndani ikirekodi video, funga buti, kisha uangalie.

Lakini kwa magari yetu haya ya mtumba kutoka Japani, mimi huanza na vitu vilivyoongezwa huku: redio kubwa ya skrini, spika za besi, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Noah ya shemeji yangu ilikuwa inakufa kila ikilala siku chache, na betri ilikuwa mpya. Tulipofungua dashibodi tukakuta waya mwekundu wa redio na wa njano vimesokotwa pamoja na kuzungushiwa selotepu. Wa njano ndio unaopaswa kupata umeme muda wote ili redio isisahau stesheni. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Fundi aliyeifunga aliviunganisha ili redio ipige hata bila ufunguo. Matokeo yake redio haikuwahi kulala, na amplifaya ikabaki macho pamoja nayo. Mita ilisoma ampea 0.4. Tulipotenganisha zile waya na kuupeleka mwekundu mahali pake, ikashuka hadi 0.03, na ile betri "mbovu" ndiyo iliyomo hadi leo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji gereji kubwa. Multimita ya kawaida, ile mita ndogo ya kupimia umeme, inatosha. Kwanza volti. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12.0 imekaribia kuwa tupu. Washa injini: ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, angalia mkanda na altaneta yenyewe. Kisha ijaribu betri peke yake: ichaji ijae, iache usiku mzima bila waya wowote, upime tena asubuhi. Ikiwa imeporomoka yenyewe, hapo sasa kanunue mpya kwa moyo mweupe.

Ikiwa imebaki imara, tatizo liko kwenye gari. Chomoa waya wa hasi, weka multimita kwenye ampea 10, hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, kisha ncha moja ya mita iguse kichwa cha hasi cha betri na nyingine iguse ule waya uliochomoa. Usiwashe gari hapo hata kidogo, utaunguza fyuzi ya mita. Milango iwe imefungwa, au bonyeza kufuli la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefunga. Ngoja nusu saa hivi mpaka kompyuta zilale, maana dakika za mwanzo namba huwa kubwa na huwatisha watu bure. Baada ya hapo chomoa fyuzi moja moja. Namba ikishuka ghafla, njia ya fyuzi hiyo ndiyo ya kufuatilia. Fyuzi zikiisha na namba haijashuka, shika altaneta asubuhi kabla gari halijawashwa. Ukiikuta ina joto, dayodi zake, yaani vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinavujisha.

Kuna ushauri unaozunguka mitaani ambao siukubali. Kuwasha gari dakika tano kila asubuhi halafu kulizima kunaiingizia betri chaji kidogo tu, kwa kuwa stata inakula ampea 100 na zaidi na injini ikiunguruma polepole gari likiwa limesimama hairudishi haraka. Afadhali uliendeshe nusu saa nzima kila wiki. Na maji ya betri yakipungua, ongeza maji yaliyosafishwa, siyo asidi. Kilichokauka ni maji, asidi imebaki humohumo.

Kama unasafiri kesho na muda wa kupima huna, legeza kichwa cha hasi kwa spana namba 10, kiondoe ukiweke kando kisiguse. Daima anza na hasi, maana ukianza na chanya na spana ikagusa bodi utapiga shoti. Hakikisha mlango unafunguka kwa ufunguo wa chuma, kwa sababu rimoti haitafanya kazi. Ukirudi hasi ifungwe mwisho, na kabla ya kuwasha pima: ikiwa chini ya 12.4, itafutie chaja kwanza. Betri inayokaa muda mrefu nusu tupu hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na katika joto letu hili hali hiyo huja upesi.