Kazi mbaya na kukosa kazi

Ndugu, hoja yako kwamba "afadhali kazi mbaya kuliko kukosa kazi" ingesimama kama mfanyakazi angekuwa na nafasi ya kukataa. Pale Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo huko Bangladesh, nyufa zilionekana Aprili 23, 2013. Benki na maduka ya jengo hilo yakafungwa. Washona nguo wakaamriwa kurudi kesho yake, wengine kwa kutishiwa kunyimwa mshahara. Jengo likaporomoka, wakafa zaidi ya watu 1,100. Hapo mtu kachagua nini?

Biashara ya haki (Fairtrade), yaani kununua mazao kwa masharti yanayomlinda mzalishaji, haimalizi hayo, na nembo yake kwenye pakiti si cheti cha utakatifu: vibarua wa msimu mara nyingi hawafikiwi, na ushirika huweza kuuza sehemu tu ya mavuno kwa masharti hayo. Lakini mkulima wa kahawa au kakao anawekewa kima cha chini cha bei, soko likianguka asianguke nalo, pamoja na nyongeza ya fedha ambayo wanachama wenyewe huamua itumike wapi. Mimi ningedai na sheria juu yake. Ufaransa tangu 2017 inazibana kampuni kubwa zifuatilie madhara hadi kwa wasambazaji wao, mnunuzi ajali nembo asijali.