Nikeli isiyotumia umeme: wapi ichukue nafasi ya zinki

Zinki hulinda chuma kwa kulika yenyewe kwanza, hata ikikwaruzwa. Nikeli isiyotumia umeme, inayojipaka yenyewe juu ya chuma kilichochovywa kwenye dawa ya moto yenye nikeli, haina huruma hiyo. Ni ukuta tu, na pakipatikana kitundu kutu hujikusanya hapo na kuchimba kwenda chini. Kwa hiyo mageti na nguzo, vitu vya kugongwagongwa, viachie zinki. Nikeli ipeleke kwenye vali, pampu na boliti zenye meno madogo, ambayo zinki ya kuyeyushwa kwa nyuzi joto 450 huyaziba.

Omba dawa yenye fosforasi nyingi, asilimia 10 au zaidi. Ndiyo inayohimili kutu. Unene wa mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) unatosha mazingira ya kawaida, lakini penye chumvi au kemikali fika 50.

Kazi huharibikia kwenye usafi. Toa mafuta kwa sabuni kali ya moto, suuza, chovya kwenye asidi ya haidrokloriki hadi kutu iishe, suuza tena. Sasa tazama maji juu ya chuma: yakitanda bila kukatika, kiingize kwenye dawa kikiwa bado na maji; yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Chuma chenye zinki ya zamani kivuliwe kwanza kwenye asidi ya pembeni, maana zinki ikiingia kwenye dawa huitia sumu.

Shikilia nikeli gramu 6 kwa lita ya dawa, nyuzi joto 88, pH (kipimo cha uchachu) 4.8. Kasi itakuwa kama mikroni 10 hadi 20 kwa saa. pH hushuka kadiri kazi inavyoendelea. Ipandishe kwa amonia iliyozimuliwa, kidogokidogo huku ukikoroga. Ukiimwaga kwa pupa, au hita ikiunguza sehemu moja, dawa hukatika: vumbi jeusi chini, mapovu kila mahali, na nikeli inapaka tangi badala ya bidhaa. Chuja muda wote.

Kabla ya kukabidhi, weka juu ya bidhaa karatasi ya chujio iliyoloweshwa maji ya chumvi na potasiamu ferisianidi. Doa la bluu ni kitundu kilichofika kwenye chuma. Vua na urudie.

Chuma kigumu kioke kwa nyuzi joto 200 hivi kutoa haidrojeni iliyokiingia kwenye asidi na dawa, la sivyo kitavunjika kikibana mzigo. Wanaokipandisha hadi 400 wanapata ugumu, ila tabaka hupata nyufa ndogo na maji hupita humo.