Kwadi ya shamba la mlimani: tazama gia kabla ya cc

Ndugu yangu, umesema shamba lako la parachichi liko Rungwe, mteremko mkali, na unataka kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ya kuvuta tela la kreti. Umeuliza kama injini ya cc 700 itatosha. Cc zisikuumize kichwa. Uliza kwanza kama ina gia nzito ya mwendo wa polepole, ile iliyoandikwa L.

Kwadi ya mkanda, yaani ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu kwa mkanda wa raba, ukiipandisha na mzigo kwa mwendo wa kobe ikiwa kwenye H, gia ya mwendo wa kawaida, mkanda unateleza na kupata moto. Utasikia harufu ya raba inayoungua kabla haujakatika. Ukitia L, injini inazunguka vizuri na mkanda unapumua. Yamaha Kodiak 450 inayo, na mkishuka injini yenyewe inaishikilia, huhitaji kung'ang'ania breki. Honda Rancher ya gia tano haina mkanda, ngumu kwelikweli, ila haina L. Kwa mlima wako na hilo tela, mimi ningeiacha.

Kabla hujalipa, ipandishe kilimani na mzigo, simama katikati, uondoke tena. Muuzaji akigoma, mwachie kwadi yake. Na fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, uiweke kabla ya tope, si ukishazama.