Paa lilivuja, tukanyamaza

Swali lenu la wiki linauliza: "Kama uliwahi kuacha kazi, ulikimbia mshahara au ulimkimbia bosi?" Mimi niliacha, na mshahara haukuwa na kosa. Laki sita na nusu, tarehe 28 simu inalia, na michango ya NSSF nilikuwa naikagua mwenyewe, inaonekana. Wapo wasomaji wenzangu ambao wangeipokea kazi ile kwa mikono miwili, na nisingewashangaa.

Nilikuwa karani wa stoo kwa miaka saba katika kampuni ya kusambaza sabuni na mafuta ya kula. Godauni lilikuwa kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kampuni siitaji. Miaka minne ya mwanzo tulikuwa chini ya mzee mwenye mali. Mkali, mbahili, anahesabu hadi kamba za kufungia mizigo. Lakini saa nne alikuwa anashuka kunywa chai nasi chini ya mwembe nyuma ya godauni, kwa mama mmoja aliyekuja kila siku na chupa zake na beseni la chapati. Chai tulijilipia, asije mtu akadhani ilikuwa ofa. Pale ndipo dereva alipomwambia breki za Fuso zinachelewa kushika. Pale ndipo nilipomwambia kwamba hesabu ya ndoo za lita 20 haijakaa sawa. Alifoka, akatukana kidogo, kisha akamtuma mtu aende kuangalia. Kesho yake yuko palepale kwenye benchi, anapuliza chai.

Mzee alipougua akaja mwanawe, akawa mkurugenzi. Sitaki kumwonea, yapo aliyofanya vizuri: alileta kompyuta stoo, akatununulia wote viatu vya usalama. Chai ya saa nne akaifuta kwa tangazo la mistari mitatu. Kila mtu anywe mezani kwake, dakika kumi, na mama wa chapati asionekane getini.

Badala yake tukapewa vitu viwili. Kwanza sanduku la maoni, limepigiliwa ukutani pembeni ya mlango wake, ufunguo anao mwenyewe. Watu thelathini, mwandiko wa kila mmoja unajulikana kwenye daftari la mahudhurio, nani ataandika? Katika muda wote ule, kitu pekee nilichosikia kimetoka mle ni vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. Pili, kundi la WhatsApp lililoitwa Familia Yetu.

Hilo jina lilinikera kuliko sanduku. Nyumbani kwetu mtoto akiropoka mbele ya baba atachapwa, atanyimwa hata chakula cha jioni, lakini halali nje. Katika familia hii ujumbe ulikuwa unaingia saa tano usiku, na kabla dakika mbili hazijapita majibu yanamiminika: "Umesomeka bosi." "Pamoja sana bosi." Kulikuwa na kijana wa mauzo, chawa wa daraja la kwanza, nadhani alikuwa anajibu kabla ya kusoma. Ukikaa hadi asubuhi bila kujibu unaulizwa kama una tatizo na uongozi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Hizi za kitandani na simu mkononi hazikuwahi kuandikwa popote.

Sasa paa. Kwenye kona moja ya godauni gata ilikuwa imeziba na mabati mawili yameachana. Kila aliyefanya kazi mle alijua. Februari, kwenye kikao cha Jumatatu, mzee mmoja wa kupakia, deiwaka (kibarua wa kulipwa kwa siku) wa siku nyingi, alinyoosha mkono akasema masika yanakaribia na ile kona itatuumbua. Mkurugenzi akamtazama. "Mzee, wewe unalipwa kubeba, hulipwi kukagua paa."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Alhamisi asubuhi jina la yule mzee halikuitwa getini, wala Ijumaa, na hakuna aliyeuliza. Deiwaka hapewi barua ya kuachishwa. Jina lake haliitwi tu, basi.

Tangu hapo ripoti zetu za Jumatatu zikawa nzuri ajabu. Magari mazima, mauzo yanapanda, stoo salama. Nilikuwa naandika "stoo salama" kwa mkono wangu huku najua sabuni ya unga imepangwa chini ya ile kona, kwa sababu kwingine kulijaa. Ningeweza kuihamisha? Labda. Ilihitaji vibarua wanne na sababu ya kuwaomba, na sababu yenyewe ndiyo hiyo isiyotajika.

Aprili mvua ikapiga siku mbili mfululizo. Maboksi 340 yakalowa, na sabuni ya unga ikishalowa inakuwa jiwe. Mkurugenzi akatukusanya palepale kwenye maji akauliza, "Nani alijua?" Watu thelathini tukatazama viatu vyetu vya usalama.

Jioni nikapewa barua ya kujieleza, saa 48. Nikaandika ukweli wote, na tarehe ya kikao nikaiweka. Dada wa HR, mtu mwema tu, akanirudishia karatasi kimyakimya. "Andika upya, dada yangu. Ukiandika hivi utaonekana unashindana na uongozi. Omba radhi, yaishe." Nikaandika kwamba naomba radhi kwa uzembe wangu. Nikasaini. Na kweli yakaisha, sikukatwa hata shilingi. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala, nikijiona nimepona. Ni kama wiki mbili baadaye ndipo nilipoanza kushindwa kusaini vitu. Mzigo umefika, dereva anasubiri hati yake, mimi nimeshika kalamu nakodolea mstari. Julai niliandika barua nyingine, fupi, ya kuacha kazi kwa "sababu binafsi". Hata kuaga niliaga kwa uongo.

Baba yangu alinicheka. Yeye alikuwa kijana wa kiwandani Chang'ombe miaka ya 1970, enzi za mabaraza ya wafanyakazi yaliyoletwa na Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970, na Mwongozo wa TANU wa 1971 uliosema kiongozi kuwa na majivuno na dharau ni mwiko. Kifungu cha 15. Hadi leo anakitaja kama mtu anayetaja aya. Anasema migomo mingi ya wakati ule haikudai nyongeza, ilimdai meneja aliyezoea kutukana watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia mwajiri nje wakaendesha kiwanda wenyewe. Hapo baba hupenda kuishia. Sehemu ya polisi, pale wenzao wa viwanda vingine walipojaribu kuiga, huwa anairuka.

Simwombei mtu kufungiwa nje. Ila namwonea baba wivu kwamba dharau iliyomuudhi ilikuwa na kifungu chake. Baadaye nilikuja kujua kuwa hata sheria ya 2004 imeacha mlango mdogo: aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa, na anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Aliyenieleza ni bwana mmoja wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, tuliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala, siku zangu zikiwa zimeshapita hamsini. Ukichelewa, alisema, unaomba kwanza usikilizwe nje ya muda, na sababu ziwe nzito. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nilikuwa na karatasi moja tu, ile niliyosaini mwenyewe kwamba nilikuwa mzembe. Tukabadilisha mazungumzo, tukaongea foleni.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni bosi, ingawa waliocheka kikaoni ni sisi. Yule mzee wa kupakia nilimtafuta baadaye kule Vingunguti alikokuwa akikaa, nikaambiwa amerudi kwao Kilosa. Namba yake ya simu hakuna aliyekuwa nayo. Alikuwa nasi miaka mingi kuliko mimi.

Sasa nina duka la vinywaji na maziwa Gongo la Mboto, na msichana mmoja wa kunisaidia. Jumanne iliyopita nilikuta pakiti za maziwa zimevimba, friji haipoozi. Nikamuuliza imeanza lini.

"Tangu Jumapili, dada."

Jumapili! Mbona hukuniambia?

Akaendelea kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Jumapili ulikuja umenuna."