Fonti za zamani za Kisanskriti: acha sasa, kabla hujafika mbali

Mkuu, funga hilo faili kwanza. Umesema rafiki yako amekupa fonti ya zamani "yenye alama zote", umeshaandika sura nzima ya nyimbo za Rigveda, ile Veda ya kale ya Kisanskriti, kwa herufi za Kirumi, na sasa unauliza uendelee nayo au uhamie XeLaTeX, programu ya kupanga vitabu, na maneno marefu yakatwe vipi mwisho wa mstari. Usiendelee nayo. Hata ukurasa mmoja.

Mimi maneno hayo hayo niliuziwa na mtu aliyejiita mtaalamu wa kupanga vitabu. "Kwenye karatasi itatoka safi," alisema, na kweli ilitoka safi. Alichonificha ni kwamba ndani ya fonti ile hamna ā wala ṣ. Kuna ä na ñ zilizochorwa upya zifanane nazo. Macho yanasoma Kṛṣṇa, kompyuta imehifadhi Kåñëa. Mchapishaji alipofungua faili kwa fonti yake, kitabu kizima kilikuwa Kåñëa mwanzo hadi mwisho. Wala usidhani fonti hizo zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe: katika ukoo mwingine wa fonti, wenye mpangilio wake wa herufi, neno hilo hilo limehifadhiwa kçùõa, kwa hiyo lazima kwanza ujue faili lako ni la ukoo gani.

Nikampigia yule bwana. Akaniambia ni jambo dogo, tafuta na ubadilishe, herufi moja moja. Hapo ndipo hasara ilipoanza, na mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Katika fonti ile ï inasimama badala ya ñ, na ñ inasimama badala ya ṣ. Ukianza na ï kuwa ñ, kisha ukaenda ñ kuwa ṣ, kila jñāna kitabuni inakuwa jṣāna, na huna tena njia ya kuzitenganisha na zile ṣ za halali. Programu haikuonyi. Inakuambia tu kazi imekamilika.

Halafu ikaingia kwenye bibliografia. Majina ya Kijerumani yalikuwa na ö na ü zake za kweli, lakini ukishabonyeza "badilisha zote", ö inakuwa ṭ na ü inakuwa ū popote zilipo. Otto Böhtlingk, mmoja wa wale wawili walioandaa kamusi kubwa ya Kisanskriti ya Petersburg, akageuka Bṭhtlingk. Litamke hilo uone kama ulimi utarudi mahali pake. Mtaalamu mwingine wa Kisanskriti, Max Müller, akawa Mūller. Haya yalionekana prufu zikiwa zimeshalipiwa, na zikalipiwa tena.

Na hayo ni maandishi yasiyo na toni! Wewe unaandika Veda, ambako silabi yenye udātta, yaani toni ya juu, huwekewa kistari cha mshazari juu: agním īḷe puróhitaṃ. Huo ni mwanzo wa ubeti wa kwanza wa Rigveda; fika mwisho wake, kwenye ratnadhā́tamam, utahitaji irabu yenye kistari mlalo na mshazari juu yake. Fonti yako haina ufunguo wa hiyo. Mimi niliambiwa nichukue mshazari peke yake niusukume nyuma kwa kubana nafasi. Punguza ukubwa wa maandishi kutoka 11 hadi 10, mishazari yote inahama.

Kanuni ni moja: kilichohifadhiwa kwenye faili kiwe herufi yenyewe, kwa Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, tangu mstari wa kwanza. Fonti ni kanzu tu; akiivua, mtu abaki yule yule. Ndiyo, Unicode haina ā́ kama herufi moja, ingawa ḗ na ṓ zipo. Unaandika ā, kisha mshazari unganishi, U+0301. Mfuatano huo usiugeuze: á ikifuatwa na kistari mlalo ni kitu kingine kabisa kwa kompyuta, na hakuna usafishaji wa Unicode (kusawazisha mfuatano wa herufi na alama zake) utakaokurudishia. Kwa ṛ́ huna wasiwasi, kwa sababu nukta iko chini na mshazari uko juu, hivyo usafishaji unazipanga wenyewe. Ila chagua mapema kati ya ṛ ya IAST na r̥ ya ISO 15919 ya mwaka 2001, mifumo miwili ya kuandika Kisanskriti kwa herufi za Kirumi; usichanganye.

Tumia XeLaTeX au ndugu yake LuaLaTeX. Ile pdfLaTeX ya kawaida itaikataa U+0301 kwa ujumbe wa kosa. Kwa fonti chukua Gentium au Charis SIL. Zina nanga za kushikia alama mahali pake. Kukata maneno, iambie polyglossia, kifurushi cha LaTeX cha kushughulikia lugha, kwamba kipande hicho ni Kisanskriti. Kanuni za ukataji za Kisanskriti zinazijua hata herufi za Kirumi.

Kabla ya kitu kingine, andika ratnadhā́tamam, toa PDF, nakili neno ulibandike kwenye daftari la kawaida la kompyuta. Likitoka zima, endelea. Ile sura uliyokwisha kuiandika ichape upya leo kwa mkono, na usimruhusu mtu yeyote akuambie "tafuta na ubadilishe".